Tutamjuaje Daktari Hodari na Mwaminifu?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

  Leo wekeni chaki kando kwa muda kidogo. Darasa moja la akina mama limetuletea swali, nalo ni zito kiasi kwamba tumeona lastahili somo zima. Wameuliza hivi: “Mume wa mwenzetu ameambiwa lazima apasuliwe. Ametajiwa hospitali mbili. Sisi hatukusoma uganga. Tutamjuaje mpasuaji hodari, na tutajuaje kama anatuambia kweli?”

Mtu akinunua ng'ombe humfungua kinywa akayatazama meno. Akinunua chungu hukigonga kwa kidole na kusikiliza mlio, maana chungu chenye ufa hakilii kama kizima. Lakini kazi ya mpasuaji hufanyika nyuma ya mlango uliofungwa, na mwenye mwili amelala kwa nusukaputi, yaani dawa ya usingizi. Akiamka hukuta mshono. Mshono ukiwa umenyooka hufurahi. Lakini mshono ni kama chokaa ya ukutani; haukuambii kama matofali ya ndani yamepangwa sawasawa.

Ndiyo maana wengi wetu humpima daktari kwa yale ambayo macho yaweza kuyaona. Tunatazama koti jeupe, gari, ukubwa wa jengo, wingi wa maneno ya Kiingereza. Wako wanaoamini kabisa kwamba daktari wa bei kubwa ndiye bora, kana kwamba ugonjwa nao huangalia bei. Wengine hutazama upole wake. Upole ni jambo jema, na kila mgonjwa anaustahili, lakini mtu mpole aweza kuwa na mkono mbaya, na mtu mkali aweza kuwa fundi.

Kiko kipimo kingine, nacho chapatikana katika ile ile elimu mnayoitafuta jioni baada ya kazi. Ni kuhesabu. Wagonjwa wangapi waliingia? Wangapi walitoka wazima? Wangapi walikufa, au walirudi na vidonda vyenye usaha? Nitawasimulieni jinsi hesabu hiyo ilivyofanya kazi katika mji mmoja, kisha mtaiona na mitego yake.

Mji huo ni Vienna, mji mkuu wa Austria, huko Ulaya. Katika miaka ya 1840 hospitali kuu ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za kuzalisha. Wodi ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao. Wodi ya pili ilikuwa ya wakunga na wanafunzi wao. Mama aliyefika kujifungua hakuchagua wodi. Alipelekwa kwa zamu ya siku. Siku hii wodi ya kwanza, siku ile wodi ya pili.

Sasa, viongozi wa madarasa, chukueni chaki. Andikeni ubaoni hesabu ya mwaka 1846.

Wodi ya kwanza: akina mama 4,010, waliokufa 459.

Wodi ya pili: akina mama 3,754, waliokufa 105.

Tugawanye pamoja, polepole. Katika wodi ya kwanza, kwa kila akina mama 100, kiasi cha 11 walikufa. Katika wodi ya pili hawakufika hata 3 katika 100. Mwaona ajabu yake? Wodi yenye wasomi wakubwa ndiyo iliyoua zaidi, na wodi ya wakunga ndiyo iliyokuwa na nafuu.

Wanawake wa Vienna walilijua jambo hili kabla wakubwa hawajalikubali. Hawakuwa na daftari, lakini habari za wodi ile zilikuwa zimeenea mjini. Mama aliyeambiwa kwamba leo ni zamu ya wodi ya kwanza alipiga magoti na kulia apelekwe ya pili. Wengine waliona afadhali wajifungulie njiani. Madaktari walisema ni hofu ya wanawake tu. Wengine walisema ni hewa mbaya ya mji. Lakini hewa ya mji ni moja, na wodi zilikuwa jirani.

Daktari mmoja kijana kutoka Hungaria, jina lake Ignaz Semmelweis, hakuridhika na maneno hayo. Mwezi wa Machi 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, naye daktari, alichomwa kidole kwa kisu wakati maiti ikipasuliwa kwa ajili ya mafunzo. Akaugua, akafa. Semmelweis aliposoma habari za uchunguzi wa mwili wa rafiki yake, aliona kwamba ugonjwa uliomuua ulifanana na ule uliowaua akina mama wa wodi ya kwanza. Ndipo alipoelewa. Madaktari na wanafunzi walitoka katika chumba cha maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima akina mama kwa mikono ile ile. Wakunga hawakuwa na kazi ya kupasua maiti.

Basi mwezi wa Mei mwaka huo akaamuru kwamba kila mtu anawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kumgusa mama. Andikeni tena ubaoni. Mwaka 1848 wodi ya kwanza ilipokea akina mama 3,556, wakafa 45. Gawanyeni wenyewe. Ni mmoja katika 100 na kidogo. Wodi ya pili mwaka huo ilikuwa karibu sawa na hiyo.

Mngedhani walimshukuru. La. Mwaka 1849 hakuongezewa muda wa kazi yake katika hospitali ile. Wakubwa wengi walimkataa, maana kukubali maji ya kunawa ilikuwa ni kukubali kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyoua. Semmelweis alifariki mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, akiwa na umri wa miaka 47.

Nataka mlishike jambo moja hapa. Madaktari wale wa Vienna hawakuwa wajinga, wala hawakuwa wezi. Walikuwa wasomi wenye vyeti ambao hawakutaka kuzitazama hesabu zao wenyewe. Cheti chaonyesha kwamba mtu alifaulu mtihani siku fulani. Hakionyeshi yaliyowapata wagonjwa wake baada ya hapo.

Labda mtu atasema hizo ni habari za kale, za kabla ya watu kujua vijidudu. Basi twende Bristol, mji wa Uingereza, katika miaka ambayo baadhi yenu mliomo darasani mlikwisha zaliwa.

Katika hospitali kuu ya Bristol walikuwapo wapasuaji wawili waliowapasua watoto wadogo wenye maradhi ya moyo. Mwaka 1988 alikuja kufanya kazi pale daktari mmoja wa nusukaputi, Stephen Bolsin, aliyetoka London. Mtu wa nusukaputi hukaa kichwani pa mgonjwa tangu mwanzo hata mwisho, naye huona kila kitu. Bolsin aliona kwamba upasuaji ulichukua muda mrefu kuliko alivyozoea kuona, na kwamba watoto wengi mno walikuwa wakifa. Mwaka 1990 akamwandikia barua mkuu wa hospitali. Hakupata msaada; alionywa tu kwamba njia aliyoitumia si njema. Basi yeye na mwenzake wakaanza kuandika na kuhesabu. Mtoto huyu alipasuliwa nini, alikuwa na hali gani, aliishi au alikufa.

Hesabu zilipokwisha kukusanywa zilipitishwa mkono kwa mkono, na kila mkubwa alimtazama mkubwa mwingine. Mwezi wa Januari 1995 mtoto mmoja mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu alipangiwa upasuaji mgumu. Usiku wa kuamkia siku hiyo madaktari walikutana kwa sababu baadhi yao walikuwa na wasiwasi. Wakaamua upasuaji uendelee. Wazazi hawakuambiwa kwamba mkutano huo ulikuwapo. Mtoto alifia juu ya meza ya upasuaji.

Baada ya hapo ndipo mambo yalipofunguka. Mwaka 1998 baraza la madaktari la Uingereza liliwatia hatiani wapasuaji wale wawili pamoja na mkuu wa hospitali, ambaye naye alikuwa daktari. Mmoja wa wapasuaji na mkuu wa hospitali walifutwa katika orodha ya madaktari. Mpasuaji wa pili alikatazwa kuwapasua watoto kwa muda wa miaka mitatu. Serikali iliunda tume chini ya Profesa Ian Kennedy, nayo ilitoa taarifa mwezi wa Julai 2001. Tume iliona kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 watoto wenye umri chini ya mwaka mmoja waliokufa Bristol walizidi kwa 30 hadi 35 idadi ambayo ingetazamiwa katika hospitali ya kawaida ya kazi hiyo.

Watoto 30. Ni darasa zima la shule.

Tunayo methali yetu, “Mficha maradhi kifo humuumbua.” Kwa kawaida huambiwa mgonjwa anayeona haya kusema ugonjwa wake. Mimi naona ingefaa kuandikwa juu ya mlango wa ofisi ya mkuu wa kila hospitali.

Na wazazi wa Bristol je, walikosea wapi? Hawakukosea. Waliuliza, wakajibiwa. Lakini baadhi yao walilalamika baadaye kwamba walipouliza nafasi ya mtoto kupona, walipewa jibu zuri lisilolingana na matokeo ya hospitali ile yenyewe. Mtu aweza kukwambia, “Kwa kawaida, katika watoto kumi, tisa hupona,” na maneno yake yakawa ya kweli katika nchi nzima, ila si ya kweli katika chumba chake. Kwa hiyo swali la “Hupona wangapi?” halijakamilika. Swali kamili ni hili: “Hapa kwenu, kwa mikono yako, wamepona wangapi?” Kiongozi wa darasa, liandike swali hilo ubaoni, nao waliseme kwa pamoja mara mbili.

Sasa nilisema nitawaonyesha mitego. Hesabu ni kama panga. Ukiishika vibaya itamkata asiye na kosa.

Mtego wa kwanza ni wagonjwa wasiofanana. Mpasuaji mmoja hupokea vijana wenye nguvu. Mwenzake hupokea wazee na majeruhi walioletwa usiku wakiwa hawajitambui. Huyu wa pili atazika wengi zaidi, na huenda yeye ndiye fundi zaidi, ndiyo sababu wenzake humpelekea kesi ngumu. Kule Vienna ulinganisho ulikuwa wa haki kwa sababu zamu ya siku ndiyo iliyowagawa akina mama, si ugonjwa wao. Jimbo la New York, Marekani, lilianza mwaka 1990 kutangaza vifo vya upasuaji wa moyo katika kila hospitali, na mwaka uliofuata, baada ya gazeti moja kushinda mahakamani, yakatangazwa na matokeo ya kila mpasuaji. Walijitahidi kuweka uzito wa ugonjwa katika hesabu. Hata hivyo ilisikika hofu kwamba wapasuaji wengine wangewakwepa wagonjwa mahututi wasije wakaharibu hesabu zao. Mwaona? Hata kioo kizuri huweza kumfanya mtu ajipake poda.

Mtego wa pili ni uchache. Daktari akisema, “Nimewapasua wanne, wote wazima,” bado hujajua mengi. Rusha shilingi juu mara nne. Huenda upande wa kichwa ukaja mara zote nne, nayo si shilingi ya uchawi. Lakini uchache wenyewe una habari yake. Imeonekana nchi nyingi kwamba katika kazi ngumu za upasuaji, mahali panapofanya kazi ile mara kwa mara huwa na vifo vichache kuliko mahali panapoifanya mara moja moja. Mkono hukumbuka. Ndiyo maana kuuliza “Umeifanya kazi hii mara ngapi?” si utovu wa adabu.

Mpaka hapa tumesema juu ya ufundi. Uaminifu ni jambo jingine, na mara nyingine ni gumu kulitambua zaidi, maana mwongo hodari hupendwa.

Mwaka 2011, katika hospitali maarufu ya Karolinska, katika mji wa Stockholm, nchini Sweden, mpasuaji aitwaye Paolo Macchiarini alimwekea mgonjwa koromeo la hewa lililotengenezwa kwa plastiki na kupakwa chembechembe za mwili wa mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa huyo alikuwa mwanafunzi kutoka Eritrea, jirani zetu, aliyekuwa akisoma Iceland. Magazeti ya dunia yalishangilia. Macchiarini aliandika katika majarida ya kitabibu kwamba mambo yanakwenda vizuri. Lakini mgonjwa aliteseka, akafariki mwezi wa Januari 2014. Watatu walipasuliwa hivyo na mpasuaji huyo katika hospitali ile. Wote watatu wamekufa. Madaktari wenzake wanne walichukua maandishi yake, wakayaweka kando ya majalada ya wagonjwa, wakaona hayafanani. Mwanzoni wao ndio waliolaumiwa. Mwaka 2023 mahakama ya rufani ya Sweden ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu.

Fundisho la kisa hiki kwa mgonjwa ni dogo lakini ni la kazi. Sifa za gazetini si sawa na jalada la mgonjwa. Na mganga anayekuja na kitu kipya kabisa apaswa kusema wazi kwamba ni kipya, na kwamba hajui kitakwendaje. Daktari anayekuahidi kupona kwa hakika, asilimia mia moja, huyo mwogopeni zaidi kuliko yule anayesema, “Nafikiri tutafaulu, lakini iko hatari hii na hii.” Mwili si saa ya ukutani.

Turudi sasa kwetu. Katika hospitali zetu nyingi hutakuta ubao ulioandikwa matokeo ya kila mpasuaji. Basi tufanyeje?

Kwanza, jambo jepesi: jueni kama mtu huyo ni daktari kweli. Kenya lina baraza la madaktari na madaktari wa meno, na Tanzania liko Baraza la Madaktari Tanganyika. Daktari hana ruhusa ya kutibu kama hakuandikishwa na baraza, na baraza ndilo linalopokea malalamiko ya mgonjwa. Yule kijana wenu mwenye simu ya kisasa aweza kulitafuta jina la daktari katika orodha ya baraza. Lakini kumbukeni Bristol: pale wote walikuwa wameandikishwa.

Pili, watazameni wakifanya kazi kabla ya kisu. Mwaka 2007, katika taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili walibadilishana bila kujua: aliyeumwa goti alipasuliwa kichwa, na aliyeumwa kichwa alipasuliwa goti. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa alifunguliwa fuvu; madaktari walitafuta damu iliyoganda wasiione, ndipo ikajulikana kwamba mgonjwa si yeye. Makosa ya namna hii hayakutokana na uhaba wa elimu ya kukata. Hakuna aliyesimama akauliza, “Huyu ni nani?”

Kwa sababu ya makosa ya namna hiyo duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya mambo 19 ya kusomwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji. Husomwa mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Mgonjwa huulizwa jina lake, anapasuliwa nini na upande gani. Watu waliomo chumbani hutaja majina yao na kazi zao. Mwishoni vitambaa, sindano na vyombo huhesabiwa, kisibaki kitu tumboni. Orodha hii ilijaribiwa katika hospitali nane, na mojawapo ilikuwa Ifakara. Wasikilizaji wa Kilombero, mmesikia? Ifakara, pamoja na London, Toronto, Seattle, Auckland, Manila, Amman na New Delhi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Kabla ya orodha, katika kila wagonjwa 1,000 waliopasuliwa, 15 walikufa. Baada yake walikufa 8. Katika jimbo la Ontario, Kanada, hospitali zilipoanza kuitumia orodha hiyo, taarifa ya mwaka 2014 ilisema vifo havikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Kuweka alama kwenye karatasi si sawa na kutazama.

Kwa hiyo mkikaribia chumba cha upasuaji, na muuguzi akakuuliza jina lako kwa mara ya nne, usikasirike ukadhani ni mjinga. Huyo ndiye unayemtaka. Mwenye kukutia wasiwasi ni yule asiyeuliza hata mara moja.

Tatu ni kuuliza. Najua wengi huogopa. Mtu mzima mwenye wajukuu huingia kwa daktari kijana akawa kama mtoto wa darasa la kwanza. Sikilizeni mazungumzo haya, tumeyatunga kwa mfano tu. Wawili wenu wayasome darasani, mmoja awe mama, mmoja daktari.

DAKTARI: Shikamoo mama.

MAMA: Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa habari ya mzee wangu, yule mwenye ngiri.

DAKTARI: Ndiyo mama. Tumempangia Jumatano.

MAMA: Ahsante. Nina maswali kidogo, usinichoke. Tusipompasua itakuwaje?

DAKTARI: Huenda akakaa miaka bila taabu. Lakini utumbo waweza kubanwa humo, ukafa, na hapo ni hatari ya ghafula. Kwa kuwa ngiri yake inamuuma na inakua, mimi nashauri tumpasue.

MAMA: Ni wewe utakayempasua?

DAKTARI: Ni mimi. Daktari anayejifunza atakuwapo, nitamsimamia.

MAMA: Kazi hii umeifanya mara ngapi, na wamekuwaje?

DAKTARI: Mara nyingi, zaidi ya mia mbili. Hakuna aliyefia mezani. Wako walioota usaha katika kidonda, na wachache ngiri ilirudi.

MAMA: Nikitaka kumwuliza daktari mwingine kwanza, utakasirika?

DAKTARI: Sitakasirika. Nitakuandikia barua umpelekee.

Msidhani kila daktari atajibu hivyo. Wako wachovu, wenye wagonjwa sitini mlangoni, na jibu fupi si lazima liwe jibu la uongo. Lakini tazameni nini kimejibiwa. Mama amejua hatari ya kupasuliwa na hatari ya kutopasuliwa. Amejua mkono utakaoshika kisu. Na daktari ametaja walioota usaha bila kulazimishwa. Mtu anayekumbuka mabaya yake ni mtu anayehesabu. Daktari akighadhibika kwa sababu umetaja daktari wa pili, au akisema, “Wewe unajua nini?” basi hapo umepata jibu, ijapokuwa si lile uliloliuliza.

Waulizeni na wauguzi, kwa faragha na kwa heshima: “Angekuwa baba yako, ungempeleka kwa nani?” Wao huwaona wagonjwa wanaporudi wodini. Muuguzi akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, msimharakishe.

Juu ya fedha nitasema kwa ufupi, maana mnazijua njia zake. Malipo ya haki yana stakabadhi. Anayetaka “chai” ili jina lisogezwe mbele, anayekataa kuandika alicholipwa, na anayesema dawa zinunuliwe katika duka moja tu ambalo ni lake, huyo amekwisha kuwaambieni jinsi anavyofikiri. Na mtu anayekuelekeza kupasuliwa kabla hajakugusa wala kukupima, muulize ameyaonea wapi maradhi yako.

Liko sharti moja juu ya haya yote. Mama anayevuja damu, mtoto aliyepoteza fahamu, mtu aliyekatwa na mashine, hao wapelekwe mahali pa karibu penye daktari, upesi. Maswali ni ya yule mwenye siku za kungojea.

Tumalize kwa karatasi. Kabla ya upasuaji utapewa karatasi ya ridhaa, yaani kukubali kwako. Kwa miaka mingi wengi wetu tumetia kidole gumba juu ya karatasi hizo bila kujua zinasemaje, na mara nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Usitie kidole wala sahihi mpaka isomwe kwa Kiswahili, yote, mbele ya ndugu yako. Yatazame maneno mawili kwa macho yako mwenyewe: KULIA na KUSHOTO. Mguu wako mbaya ukiwa wa kushoto, na karatasi ikasema kulia, paza sauti.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kila mmoja achukue ukurasa mmoja wa daftari aandike jina lake kamili, mwaka wa kuzaliwa, maradhi aliyowahi kuugua, upasuaji aliowahi kufanyiwa na mwaka wake, na dawa zinazomdhuru. Chini yake aandike KULIA na KUSHOTO mara tano tano. Asiyejua mwaka wa upasuaji wake amwulize mtu wa nyumbani. Ukurasa huo usiukate. Utakwenda nao hospitali siku utakapohitajika. Wiki ijayo tutasoma maandishi yaliyo juu ya chupa ya dawa, basi kila mmoja aje na chupa tupu au pakiti moja. Kwaherini.